Kitufe cha Nyumbani

Mama alinipigia simu nikiwa darasani, na mimi darasani sipokei simu hata ikitoka mbinguni. Akapiga tena. Akapiga tena. Nikatoka barazani nimevimba, nikamwambia, "Mama, nina wanafunzi." Akasema, "Na mimi nina mume. Baba yako anauza ng'ombe."

Hasira ikanihama, ikaja hofu. Ng'ombe wa baba yangu si wa kuuza. Alimlea tangu ndama, anamkatia majani mwenyewe hata mvua ikinyesha wiki nzima, na akiwa na homa bado ataamka alfajiri kumkamua. Nikauliza kuna nini. Mama akaeleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza: maziwa yetu yamerudishwa tena kituoni. Mashine inasema yana maji.

Kituo chenyewe ni cha kukusanyia maziwa, kipo kwetu Kawetele, ni mali ya wafugaji wenyewe. Asubuhi kila mtu analeta ndoo yake. Maziwa yanapimwa, yakiwa mazuri yanamiminwa kwenye tangi la kupoozea, yakiwa mabaya unayabeba unarudi nayo kwako mbele ya macho ya watu. Na sheria yao haina mchezo. Ukirudishiwa mara kwa mara, jina lako linapelekwa kwenye mkutano wa wanachama, na wakiamua, unaondolewa. Mkutano ulikuwa Jumamosi, na siku mama anapiga simu ilikuwa Alhamisi. Jina la baba lilikuwa limekwisha kupelekwa.

Baba yangu ni mzee wa kanisa. Ndoo yake ya maziwa anaisuuza kwa maji ya moto, anaifuta, anaiinamisha juani ikauke ndipo aitumie, na mtoto akiigusa kwa mkono mchafu atajuta kuzaliwa. Mtu huyo ndiye anayeambiwa anatia maji kwenye maziwa. Afadhali wangesema analoga.

"Na anayetufanyia haya," mama akamalizia, "yumo humu humu ndani."

Alimaanisha wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Binti huyu ni mzaliwa wa Suma, alisomea kompyuta chuoni Mbeya, akaolewa kwetu, na kituo cha maziwa kikampa kazi. Yeye ndiye aliyewaandikia programu ya kupimia. Mashine ya kupima imeunganishwa kwa waya na kompyuta. Mpokeaji anachagua jina la mfugaji, mashine inaonja maziwa, kompyuta inaonyesha rangi: kijani yanapokelewa, nyekundu yanarudi. Namba za kipimo hazionekani, wanachama wenyewe waliomba hivyo ili foleni iende haraka. Basi mama alikuwa ameshapiga hesabu zake kichwani. Mwenye mashine ni mkwe wetu, na mashine inatuaibisha sisi, kwa hiyo mkwe wetu ana lake jambo.

Kuna kitu kimoja inabidi nikieleze hapa, maana bila hicho mtu wa mbali hataelewa kilichotokea. Kwetu Wanyakyusa, mwanamke hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Tunaita kutila. Zamani ilikuwa kali kwelikweli: akimwona njiani anajitosa migombani mpaka mzee apite, na jina lake halitamki mpaka kufa. Siku hizi wengi wameacha, wengine wamebakiza kipande. Sisi tulibakiza kipande kikubwa, kwa sababu ya mama. Yeye aliishi hivyo na baba mkwe wake mpaka siku ya mazishi, na hakuona kwa nini mke wa mwanawe apate nafuu ambayo yeye hakuipata.

Kwa hiyo wifi yangu aliishi boma moja na baba yangu, anampikia chakula kinachopelekwa mezani na mtu mwingine, na walikuwa hawajawahi kusemezana hata neno. Mzee akiingia jikoni, yeye anatokea mlango wa nyuma. Nilimwambia mama zaidi ya mara moja kuwa haya mambo yamepitwa na wakati. Mama hunijibu kuwa mimi niliolewa, nikaachika, na sasa nafundisha mila.

Ijumaa nilipomaliza vipindi nilipanda bodaboda kutoka mjini. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, mwendeshaji anaendesha kwa kukisia. Nikamkuta mama jikoni anamenya ndizi. Nikamsalimu, "Ugonile," akaitika "Ndaga" bila kuinua kichwa, na kisu kikawa kinamenya kwa nguvu kuliko ndizi zinavyohitaji.

"Baba yako hali," akasema. "Anakaa bandani na ng'ombe wake. Jumatatu anakuja mnunuzi kumwangalia. Anasema akiondolewa kwenye chama, maziwa atampelekea nani? Hata yule jirani wa chini naye anarudishiwa siku hizi, lakini yeye ng'ombe wake anaumwa kiwele, daktari wa mifugo anajua. Amemwambia awe analeta tu kila asubuhi aone kama yametengemaa. Sisi tunaumwa nini?"

Neno lile la jirani likanipita. Nilikuwa nimeshakasirika, na mimi nikikasirika sisikii vizuri. Nikatoka kumtafuta wifi.

Alikuwa nyuma ya nyumba anaanika vitambaa vya kuchujia maziwa. Amekonda. Aliponiona aliendelea kuanika.

"Najua mnachosema, wifi," akasema.

"Mimi sijasema kitu."

"Mama amenyamaza. Na akinyamaza, wifi, kunyamaza kwake kuna spika."

Nilitaka kucheka, yeye akawa hacheki, nikaacha. Akaniambia kuwa programu ameisoma mpaka macho yanamuuma, mstari kwa mstari, na haina kosa. "Ingekuwa na kosa ingegoma," akasema. "Ingetoa ujumbe. Inafanya kazi kwa watu wote. Ni mzee tu." Halafu akasema jambo lililoniuma: kwamba yeye mwenyewe ameanza kuamini kuwa labda kweli mzee anatia maji, na hapendi kuwa mtu anayeamini hivyo.

"Una ufunguo wa kituo?" nikamuuliza.

"Ninao."

"Chukua na maziwa ya jioni. Twende."

Mama alitutazama tukivuka uwanja na jagi la maziwa. Jua lilikuwa bado halijatua ingawa ukungu ulifanya ionekane usiku.

Kituoni tukakaa mezani, kompyuta katikati yetu. Mimi nafundisha kompyuta, na lugha ile aliyoandikia programu ndiyo ninayoifundisha, kwa hiyo nilijua pa kuanzia. Programu yake ilikuwa nadhifu, nadhifu kuliko ninazoandika mimi, na nilimwambia. Kwa kila mfugaji, mashine ikishaonja maziwa, matokeo yanapewa jina: kipimo. Halafu kipimo kinalinganishwa na jina lingine, kiwango, ambacho ni ile namba ya chini inayokubalika. Kipimo kikiwa chini ya kiwango, rangi nyekundu. Rahisi, hata mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza angeisoma.

Nikashuka mpaka chini kabisa, nikakuta kifungu kilichojitenga. Fanksheni, kama tunavyoziita, yaani kipande cha kazi chenye jina lake ambacho unakiita ukikihitaji. Hii iliitwa nyumbani.

"Hii ni ya nini?"

Akatazama mikono yake. "Ni ya mzee."

"Kwa nini yuko peke yake? Wenzake wote wako kwenye orodha."

"Ningemwandikaje, wifi?"

Sikuwa nimewaza hilo kabisa. Wafugaji wote walikuwa wameandikwa kwa majina, na jina la baba mkwe wake yeye halitamki, sasa aliandike? Tena kuliandika aliona ni kubaya zaidi, kwa sababu ukilitamka linapotea hewani, ukiliandika linakaa pale kila asubuhi linakutazama. Basi akamtengenezea mzee kitufe chake peke yake kwenye kioo, kimeandikwa Nyumbani, na fanksheni yake peke yake nyuma ya kitufe. Na baba akifika na ndoo, wifi anatokea mlango wa nyuma, anasimama kwenye migomba, na mama mmoja mpokeaji ndiye anayebonyeza. Kwa hiyo kwa kipindi chote kile yeye hakuwahi kuona kwa macho yake maziwa ya mzee yakipimwa. Alikuwa anasikia tu, kupitia ukutani, watu wakiguna.

Nilitamani kugombana na mtu. Lakini wa kugombana naye alikuwa jikoni anamenya ndizi, na kwanza tulihitaji kosa.

Nikaisoma ile fanksheni. Nikaisoma tena. Sikuona kitu. Jicho linasoma linachotaka, hasa kwenye mistari inayofanana na mingine uliyokwisha kuisoma.

"Labda kuna mahali umebadilisha kiwango," nikasema. "Umeandika kiwango kingine ndani ya fanksheni nyingine, kikaharibu cha nje."

Akatikisa kichwa. "Jina nikilipa thamani ndani ya fanksheni, linabaki la humo ndani. Fanksheni ikiisha nalo linakwisha. La nje haliguswi. Wewe si ndiye mwalimu?"

Alikuwa sahihi, na nilifurahi kuona ana kisirani kidogo kimebaki.

Wanafunzi wangu somo hili huwa linawachanganya, kwa hiyo huwa nawafundisha kwa mfano wa nyumbani kwao. Ndani ya kompyuta kuna mkalimani. Anasoma mstari mmoja, anautekeleza, anashuka unaofuata. Akikutana na jina, ni kama mtoto mdogo aliye chumbani anayeita "mama". Kama mama yake yumo chumbani, huyo ndiye anayeitika, hata kama nje wamejaa akina mama wengine. Kama hayumo, mtoto anatoka sebuleni, anaita. Kama hayupo, anatoka uwanjani. Yule wa kwanza kuitika ndiye anayempa uji, akiwa mama mkubwa, akiwa mama mdogo, mtoto hajali. Na mkalimani naye hajali. Anaanza kutafuta ndani ya fanksheni, asipopata anatoka nje yake, anatoka mpaka uwanja wa programu nzima, na lile jina la kwanza analokutana nalo analichukua. Haulizi ni la nani.

Na kuna jambo la pili, ambalo huwa nalirudia mpaka wananizomea. Mkalimani hatafuti jina kabla hajafika kwenye mstari wake. Unaweza kuandika jina ambalo halipo popote duniani, na programu ikaenda vizuri tu mwaka mzima, mpaka siku atakayoukanyaga mstari ule.

Nikiwa namweleza wifi mambo ambayo anayajua, ili tu nisinyamaze, ndipo neno la mama juu ya jirani likarudi.

"Asubuhi," nikasema, "nani anamtangulia baba kwenye foleni?"

"Jirani wa chini. Wanatoka njia moja, wanaongozana."

"Kila siku?"

"Karibu kila siku. Mzee humpisha mbele, kwa sababu ni mwanamke."

"Na zile siku ambazo maziwa ya baba yalipokelewa?"

Akafikiri. Nilimwona akifikiri, midomo inamcheza. "Jirani hakuja," akasema polepole. "Au alikuja, na yake yakapokelewa." Kisha akanigeukia.

"Zima programu," nikamwambia. "Washa upya. Usimpime mtu yeyote. Bonyeza Nyumbani kwanza."

Akamimina maziwa ya jioni kwenye kikombe cha mashine. Akamwaga kidogo mezani, akapangusa kwa kiwiko cha sweta. Akabonyeza. Mashine ikanguruma, ikavuta maziwa, ikanyamaza. Tukangoja rangi. Rangi haikuja. Programu ilianguka palepale, ikatuachia ujumbe wake mwekundu chini ya kioo: jina kipimo halijulikani.

Wifi akaweka kidole kwenye kioo, akakisogeza juu mpaka kwenye fanksheni yake. Sasa tuliona wote. Mstari wa kwanza, mashine ikishapima, matokeo yalipewa jina kipimo_chetu. Aliliandika hivyo kwa heshima, ni maziwa ya kwetu. Mstari wa pili aliunakili kutoka kule juu kwa wafugaji wengine, wala hakuubadilisha. Ulikuwa unauliza kama kipimo kiko chini ya kiwango. Kipimo, si kipimo chetu.

Maziwa ya baba yalikuwa yanapimwa kweli, kila asubuhi. Namba yake ilikuwa inaingia kwenye jina lake na kukaa humo ndani, hakuna aliyeiuliza, na fanksheni ikiisha inakufa nayo. Mkalimani akifika mstari wa pili anatafuta kipimo ndani, hakuna. Anatoka uwanjani. Na uwanjani, kila asubuhi, kulikuwa na kipimo kilichoachwa na aliyetangulia, maana wa kwenye orodha wote wanapimiwa huko uwanjani, si ndani ya fanksheni. Jirani wa chini. Ng'ombe wa jirani alipokuwa mzima, hakuna aliyegundua, kwa sababu kijani cha jirani na kijani cha baba vilifanana. Ng'ombe alipougua kiwele, baba yangu akaanza kuhukumiwa kwa maziwa ya mtu mwingine. Leo uwanja ulikuwa mtupu kwa mara ya kwanza, ndiyo maana programu iligoma.

Wifi akakaa juu ya ndoo iliyoinamishwa, akalia. Alilia kwa sauti, na mimi nikamwacha alie, kisha nikaona aibu kusimama tu, nikaenda nikamshika bega.

"Nimemfanya mzee aonekane mwizi," akasema. "Kwa heshima zangu."

"Kosa ni neno moja," nikamwambia. "Libadilishe, tufunge, twende tukale. Kesho rangi itakuwa kijani na hakuna atakayejua."

Akafuta uso. Akalibadilisha lile neno, tukapima tena, kijani. Lakini akatikisa kichwa. "Jina lake limeshapita kwa watu kwamba anatia maji. Likisafishwa kimyakimya, halijasafishwa. Kesho nitamwambia mwenyekiti mwenyewe, mbele yao."

"Watakufukuza kazi."

"Wanaweza," akasema, na akaanza kuosha kikombe cha mashine.

Nilimpenda siku ile. Niliwahi kumheshimu kabla, na kumwonea huruma, lakini kumpenda kama mtu wa kwetu ilikuwa siku ile.

Baba nilimkuta bandani, amekaa kwenye kigoda, ng'ombe anatafuna. Mimi nimerithi jina la mama yake, kwa hiyo huniita mama. "Mama, umekuja kumuaga ng'ombe?" akasema. Nikachuchumaa nikamweleza yote, kwa mfano uleule wa mtoto na uwanja, kwa sababu sina mwingine. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo yangu yalikuwa mazuri," akasema.

"Siku zote."

"Na kwa nini mimi nilitengwa kwenye chumba cha peke yangu?"

"Kwa sababu mkweo hawezi kuandika jina lako, baba."

Akanyoosha mkono akamkuna ng'ombe nyuma ya sikio, kwa muda mrefu. Nikadhani amekasirika, na kwa kweli sikujua amemkasirikia nani. Nilipoinuka kuondoka akasema nimwambie mama alete chakula.

Jumamosi asubuhi foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida, kwa sababu ya mkutano. Watu wamevaa masweta na mabuti ya mvua, ndoo chini, pumzi zinatoka moshi. Mama naye alikuja, amejitanda kitenge mpaka kidevuni. Baba nilikuwa sijamwona. Wifi akasimama mbele ya meza, akamwomba mwenyekiti nafasi, akasema yote. Hakujificha popote. Alisema kosa ni lake, mashine ni nzima, mzee ni mwaminifu, na kitufe kimeshatengenezwa.

Nilitegemea watu watafurahi. Sikuwajua watu wa kwetu. Mmoja akasema, "Kumbe mzee ana kitufe chake?" Mwingine akasema nao watengenezewe vyao. Kicheko kikapita, lakini si kicheko kizuri. Mwenyekiti, mtu mtaratibu, akakuna kichwa. Akasema yeye hana ubaya na mtu, ila kitufe cha baba mkwe kilichotengenezwa na mkwe, kikaharibika, kikatengenezwa tena na mkwe usiku wa kuamkia mkutano, nani ataiamini rangi yake? Ikiwa kijani watasema amependelewa. Suala la mzee libaki kwenye ajenda kama lilivyo, mpaka atafutwe mtaalamu wa nje.

Damu ilinipanda. Nilikuwa nimeshapiga hatua kumwendea mwenyekiti niliposikia watu wakipisha, na baba akaingia na ndoo yake, nyuma ya jirani wa chini. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote ule, amesikia.

Wifi alipomwona akafanya kama anavyofanya siku zote. Akageuka kuelekea mlango wa nyuma.

"Mama," baba akaniambia mimi, kwa sauti ya kawaida kabisa, "mwambie mkwe wangu asitoke."

Hapakuwa na haja ya kumwambia, alikuwa amesikia. Alisimama palepale, ametupa mgongo.

"Mwambie akae mahali pake pa kazi. Hicho kitufe akifute, na aniandike kama alivyowaandika wenzangu. Jina langu lote."

"Mzee," mama akasema chinichini, "mbele ya watu?"

"Mbele ya watu ndiko ninakorudishiwa maziwa," baba akasema.

Mama akavuta kitenge mpaka puani. Hakuna aliyecheka sasa. Pale ndani hakuna mtu asiyejua mzee anaachia nini, na anaachia kwa ajili ya nani.

Wifi akageuka. Alikuja mpaka kwenye kiti macho yakiwa sakafuni, akakaa. Akaifuta fanksheni yote ya nyumbani, niliiona ikitoweka. Kisha akaenda kwenye orodha, akaanza kuandika jina la baba yangu, herufi moja moja kwa kidole kimoja, midomo ameibana kabisa isije ikalitamka. Alipomaliza akalitazama. Lilikuwa limekaa chini ya jina la jirani na juu ya jina la mtu wa mtaa wa pili, halina tofauti na mengine.

Jirani akapimwa kwanza. Nyekundu. Akachukua ndoo yake, amekwisha kuzoea. Ng'ombe wake alipona baadaye, ashukuriwe Mungu. Halafu baba akasogeza yake mezani. Yeye na wifi walikuwa wametenganishwa na upana wa meza tu, kitu ambacho sikuwahi kukiona, na nilijikuta nimeshika mkono wa mama. Wifi akachagua jina. Mashine ikanguruma.

Kijani.

Mwenyekiti akazunguka meza, akaomba aonyeshwe namba zenyewe. Akaziona. Akaomba irudiwe kwa maziwa ya chini ya ndoo. Ikarudiwa, kijani. Akamgeukia katibu akamwambia ajenda ya mzee aifute, na kwamba mkwe aendelee na kazi yake, ila vitufe vya jamaa na marafiki visiwepo. Watu wakaguna kukubali. Mama alikuwa analia ndani ya kitenge chake, na mimi nikajifanya simwoni.

Baba akainua ndoo, akamimina maziwa yake kwenye chujio la tangi, polepole, mpaka tone la mwisho. Alikuwa anafunga mfuniko wifi alipoinua uso. Sauti yake ilitoka ndogo sana, lakini ilitoka.

"Maziwa yako ni mazuri, baba."

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu aolewe.

"Najua, mwanangu," baba akamjibu, yeye mwenyewe, bila kunipitia mimi.